Shangazi, sikukuu hii msinihesabu

Shangazi, shikamoo.

Umenipigia simu mara tatu tangu juzi, na mara zote nimeitazama simu ikiita mpaka ikakatika. Naomba radhi. Haikuwa dharau. Nilijua utaniuliza nafika lini, na nilijua nikisikia sauti yako nitasema "nakuja" kama ninavyosema kila mwaka, halafu nitashinda wiki nzima na donge kooni. Kwa maandishi naweza kukwambia yote bila kukatika katikati. Nimeamua kuyaweka hadharani kwa sababu najua tuko wengi, na kila mmoja wetu ana shangazi wake, au mjomba, au mama, ambaye hajapata kuelezwa.

Sikukuu hii sitakuja.

Neno litakalozunguka sebuleni nalijua: anajitenga. Mwingine ataongeza kwamba naringa, kwamba tangu nianze kujitegemea nimewaona watu wa nyumbani si kitu. Hayo nimewahi kuyasikia kwa masikio yangu, nikiwa nimeinama koridoni nikimtafutia mtoto kiatu chake kwenye lile lundo la viatu. Waliokuwa wakisema hawakujua kwamba nipo. Sikuwachukia. Niliona tu kwamba kwa miaka mingi nimekiachia kimya changu kinisemee, na kimenisemea vibaya.

Nikwambie sikukuu inavyokuwa upande wangu. Saa ya kwanza ni nzuri kabisa. Salamu, kukumbatiana, watoto wamerefuka, kuna kichanga kipya cha kupakata. Kisha tunakaa, na habari zangu zinaisha ndani ya dakika mbili. Kazi? Nzuri. Afya? Nzuri. Na mwenzio, tutamwona lini? Watu wanacheka, mazungumzo yanahama, yanaingia kwenye "unakumbuka siku ile". Siku ile sikuwepo. Siku zote hizo sikuwepo, Shangazi, maana nyinyi mmekulia chini ya paa moja na mimi nililelewa mbali, nikawa naletwa wakati wa likizo kama mgeni. Kicheko kinaanzia kona moja, kinazunguka chumba kizima, kinanifikia mimi kikiwa kimeshapoa. Na mimi nacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Mwaka jana jioni mlijipanga kupiga picha, nikapewa simu. "Piga wewe, una mkono uliotulia." Nikapiga. Wazee wakaketishwa, watoto wakasogezwa mbele, nikapiga tena. Ikaletwa simu ya pili, ya tatu. Usiku picha zikamiminika kwenye kundi la familia, nikazipitia moja moja nikiwa nimelala chali gizani. Nilifika ya mwisho, nikarudi mwanzo, nikazipitia tena. Sikuwamo hata moja. Hakuna aliyenitoa. Na hakuna aliyeona kwamba sipo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kuna jaribio nililisoma baadaye ambalo lilinifanya niache kujiona mtu wa kudeka. Mwaka 2003 mtafiti Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha matokeo yake. Walimlaza mtu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakampa mchezo mdogo wa kurushiana mpira kwenye skrini, wakimwambia anacheza na watu wengine wawili. Kumbe ilikuwa programu ya kompyuta tu. Baada ya muda wale wawili wakaacha kumrushia, wakawa wanarushiana wenyewe. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempiga, mpira wenyewe ni doa kwenye skrini. Lakini ubongo wake ulionyesha dalili, na miongoni mwa sehemu zilizoamka ni moja inayoamka pia mtu anapoumia mwilini. Niliposoma pale nikaikumbuka sebule ya mwaka jana, na mpira ukipita juu ya kichwa changu kutwa nzima.

Wewe ulinitumia makala kwamba upweke unadhuru afya. Niliisoma hadi mwisho, na sibishi. Jambo hili limefika mbali: Uingereza iliteua waziri wa kulishughulikia mwaka 2018, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaunda tume ya kuangalia jinsi watu wanavyounganika. Lakini nilisoma pia kazi ya John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeuchunguza upweke kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2018. Yeye aliufananisha na njaa na kiu: ni mwili unaokwambia umekosa kitu unachokihitaji. Na alisisitiza kwamba hauhesabiwi kwa idadi ya watu walio karibu nawe. Mtu anaweza kuishi peke yake na asiwe nao, na mwingine akauhisi akiwa katikati ya ndugu zake.

Lugha yetu ililijua hilo zamani, ndiyo maana ina neno "ukiwa" na ina neno "faragha". Sebuleni, bega kwa bega na watu ninaowapenda, mimi huwa mkiwa. Chumbani kwangu, mlango umefungwa na simu imezimwa, nina faragha, na moyo wangu unatulia. Nilikuwa sijui kuyatenganisha mawili haya, kwa hiyo kila mwaka nilikuwa naikimbia faragha nikidhani naukimbia ukiwa, na nikishafika kwenu naukuta umenitangulia.

Utaniambia mtu ni watu. Ni kweli, Shangazi, na mimi watu ninao. Huwapata mmoja mmoja, polepole. Siku hiyo usinionee huruma. Nitaamka kwa saa yangu. Nitafungua dirisha, nitakaa pale mpaka jua lihame kutoka ukutani lishuke sakafuni, nitasoma, nitafua, nitalala mchana. Mchana nitakutumia salamu, na kila neno nitakaloandika nitakuwa nimelikusudia.

Naomba jambo moja kwa ajili ya mwingine. Yule binti aliyeolewa kwetu juzi juzi huwa anakaa karibu na mlango, mkoba umo mapajani kama mtu anayesubiri gari. Sijui kama anapenda kukaa vile au amekosa pa kuingilia, na mimi sikuwahi kumuuliza, jambo ninalolijutia. Tafadhali usimuulize "mbona kimya?" mbele ya watu. Swali hilo, kwa aliyekaa kimya, ni kama kuwashiwa taa usoni. Mwite jikoni, mpe kitu cha kufanya kwa mikono, simama naye.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyonifanyia mimi, na huenda hukumbuki. Ni usiku ule ule wa picha. Nilikuwa nimejificha kwenye sinki, naosha vyombo ambavyo vingine vilikuwa safi tayari. Ukaingia, hukusema kitu, ukachukua kitambaa ukaanza kufuta sahani. Tulisimama hivyo, mimi naosha, wewe unafuta, unazipanga. Kisha ukasema bila kuniangalia kwamba marehemu baba naye alikuwa hivi hivi. Kwamba utotoni, wageni wakijaa nyumbani, alikuwa akitoka kwa mlango wa nyuma na kupanda mti, akakaa huko juu mpaka giza liingie, na bibi akawa anawaambia wageni amelala.

Sikujua hilo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilishika kile kikombe chini ya maji muda mrefu nisiweze kukiweka. Nilitaka kukuuliza mambo kumi, lakini mtu akakuita kutoka sebuleni, ukaweka kitambaa begani ukaenda.

Kwa hiyo nitakuja Jumanne ya wiki inayofuata, wageni wakishaondoka na nyumba ikishanyamaza. Usiandae chochote, na usimwambie mtu. Nitapiga hodi mlango wa nyuma. Nataka unimalizie pale ulipokatishwa: mti ulikuwa upi, na usiku ukiingia, nani alikuwa anakwenda kumwambia kwamba watu wameondoka, anaweza kushuka?