Risala ya Wakufunzi na Wanachuo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti na Uandishi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wanachuo na wazazi, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, hasa kwa barabara ile, ambayo leo hatutaizungumzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chuo chetu kilianza kwa kuandaa walimu wa Daraja A, kikapitia mengi ambayo muda hautoshi kuyaeleza, na sasa kinatoa stashahada ya ualimu.

Mafanikio ni makubwa. Wakufunzi wamekamilisha utafiti-tendo kuhusu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika shule za msingi jirani. Wamebaini kuwa mtoto wa darasa la kwanza anaweza kughani ukurasa mzima, kisha akashindwa kusoma neno moja la ukurasa huohuo likiandikwa peke yake ubaoni. Matokeo yaliwasilishwa kwenye kongamano la kitaaluma, hapahapa bwaloni. Kwa upande wa uandishi, mwanachuo wetu wa mwaka wa pili alituma mswada wa riwaya kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023. Hakushinda. Hata hivyo mswada ulipokelewa, na uthibitisho wa kupokelewa tumeubandika kwenye ubao wa matangazo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala za kazi hizi zinatunzwa stoo ya jikoni, pamoja na mahindi na maharage. Utafiti wa mwaka jana mchwa waliuwahi kabla ya wasomaji. Chuo hakina maktaba. Kina boma la maktaba, kuta bila paa, lile ulilolipita kushoto ulipoingia getini.

Boma lile ni jasho letu. Wanachuo walisomba mchanga na maji, wazazi wakachoma tofali, wakufunzi wakachanga kutoka kwenye mishahara yao. Tukafika linta, tukapandisha hadi usawa wa kupaua, tukaishiwa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi bati, tukampigia makofi na vigelegele. Mgeni rasmi wa mwaka jana akatuhakikishia kuwa bati za mwaka juzi zipo njiani. Tunaendelea kuzisubiri kwa heshima zote, ingawa fundi anasema kozi za juu za tofali zimeanza kuachia kwa mvua, na masika nyingine ikizikuta wazi itabidi zibomolewe ndipo paa lipandishwe.

Kwa unyenyekevu mkubwa, hatuombi fedha mkononi, wala hatuombi ahadi; za kututosha tunazo. Tunaomba mbao za kenchi, bati za geji 28, kofia za paa na misumari, vishushwe hapa getini. Orodha kamili, kwa vipimo vya fundi, imeambatanishwa na risala hii. Mtunza stoo yupo na leja yake, atasaini mbele ya yeyote utakayemtuma. Ufundi tutaugharamia wenyewe.

Ombi letu la pili ni dogo, nalo halina gharama: utakaposimama kuzungumza nasi, tafadhali utaje tarehe. Katibu wa kamati amekaa mstari wa mbele na kalamu yake. Nakala ya muhtasari tutaileta ofisini kwako Jumatatu, na tutashukuru ikigongwa muhuri wa kupokelewa.

Baada ya hapo utatukabidhia vyeti vya watafiti na waandishi bora, kisha tutakusindikiza kwa miguu hadi kwenye boma. Chakula kitafuata baada ya boma.

Karibu sana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi.

Ni sisi,
Kamati ya Utafiti na Uandishi