Shosti, nisaidie kumpata mjomba wako

Shosti wangu,

Za huko Dar? Mama hajambo? Mtoto vipi, meno yameota au bado anakukesha? Sisi huku wazima, ila mvua imetushika, njia ya kuingia Kihonda imekuwa tope tupu. Najua umeninunia, tangu ile arobaini sijakutafuta, nikija tutayamaliza. Leo naandika kirefu hivi kwa sababu nina shida na voisi noti haitoshi.

Ni hivi, yule kijana wangu wa lezi, ile mashine ya kuchongea vyuma, kaondoka. Kapata kazi Dodoma, tumeagana vizuri tu, naye ana maisha yake. Lakini karakana ya marehemu baba unaijua, zile mashine alizinunua mitumba wakati viwanda vya hapa Moro vinafungwa, nyuzi zake za bolti ni za inchi, na wateja wangu wengi ni wenye mashine za kusaga na kukoboa, mtu anakuletea injini ya Lister ya enzi hizo, shafti imelika, bushi imekwisha, gia imeng'oka meno. Vijana wanaotoka chuo siwasemi vibaya, wanajua vitu vingi, ila ukimpa gia iliyovunjika haina kitabu haina namba, ukamwambia hesabu meno unikatie nyingine, anakwambia dada agiza China. Sasa mtu wa Ifakara ana mpunga umejaa stoo, angoje meli?

Nikajua ninayemtaka ni mtu mzima. Nikaomba wanitangazie kwenye magrupu ya WhatsApp, nikaweka na karatasi getini. Walikuja vijana, tena wengi, na bahasha zao za vyeti mpaka nikawaonea huruma. Mzee hata wa dawa hakuna. Na Moro hii shosti imejaa mafundi wazee! Kulikuwa na kiwanda cha viatu kile cha mkopo wa Benki ya Dunia, kulikuwa na cha turubai, cha ngozi, karakana ya reli, mtu aliyeingia pale na miaka 20 mwaka 1982 leo amepita 60 na mikono bado ipo. Wako wapi?

Nikawa nawaza hilo usiku na mchana. Unajua kitu gani kinanikera? Angalia matangazo ya kazi, kila mtu anaandika umri usizidi 35. Serikalini wanasema 45 kwa anayeanza ajira, lakini hata mwenye banda la kuchomelea mageti naye kakopi mstari huo huo, ukimuuliza kwa nini hana jibu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja umri kabisa kwenye orodha ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Mzee amesoma mstari ule miaka na miaka, kwa nini aendelee kusoma matangazo? Afu wanamwambia tuma CV kwa imeili. Mtu ana cheti chake cha trade test, ule mtihani wa ufundi, cha zamani kimekunjwa kwenye nailoni chini ya godoro, hiyo CV aitoe wapi.

Aliyenifungua macho ni yule wa duka la vipuri pale Msamvu. Akaniambia dada, mimi nawajua wote, maana anayekuja kununua tapu moja ya kukatia nyuzi na msumeno wa chuma halafu anaipima kwa macho kabla hajalipa, huyo ni fundi wa kiwandani amestaafu anafanya vikazi vya nyumbani. Nikaenda na kwa balozi wetu, naye ana majina kichwani, nani alikuwa reli, nani alikuwa turubai, nani mgonjwa na nani bado anapanda baiskeli. Nikamwambia na mama mkwe aulize jumuiya, na yule jirani wa msikitini akaulize baada ya Ijumaa. Hakuna nilicholipia zaidi ya soda.

Na ukimpata mmoja umewapata wote, hilo nimeligundua, wale waliofanya kazi zamu moja wanajuana mpaka leo, wanazikana, wanachangiana. Mimi nimempata wa turubai. Sikumfanyia intavyuu, nilimwekea gia mbovu mezani nikampa chai. Akaigeuza, akaomba penseli, akaanza kupiga hesabu nyuma ya kalenda. Basi, nikajua.

Ila hakukubali siku hiyo. Shosti, nilidhani atanitajia hela kwanza, wala. Aliuliza nani atakuwa anamtuma. Sikuelewa, akanieleza kuwa sehemu moja alikojaribu baada ya kustaafu, msimamizi mwenye umri wa mjukuu wake alikuwa anamwita kwa mluzi, siku ya pili hakurudi. Iliniuma sana ile. Kwa hiyo tumekubaliana anaongea na mimi tu, anakuja siku tatu kwa wiki, asubuhi mpaka adhuhuri, siku yake ya kliniki ya presha haguswi. Nimeweka taa nyingine juu ya lezi maana macho, na kiti kirefu, na boda wa kumleta namlipa mimi maana kwa tope hili akianguka tutasema nini. Malipo ni kwa kazi, mkataba wa kazi maalumu umeandikwa, kasaini. Na nimemwingiza kwenye hesabu za WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kama wengine, michango yenyewe ni nusu asilimia tu ya mishahara, sasa mtu unaachaje mzee asimame kwenye mashine inayozunguka bila fidia?

Kingine, kuna vijana wawili wanakaa naye kujifunza, na hiyo namlipa mbali. Watu wanamchukua mzee wanamwambia njoo ufundishe na wajukuu, kama vile ni sadaka. Ule ni ujuzi wake. Mkupuo wa mafao wengi uliishia kwenye bati na ada, kinachobaki ni pensheni ya mwezi, na nyumba za watu huku zina madirisha ya mbao za kuzibia. Mtu kama huyo siwezi kumwambia asaidie bure.

Sasa ndo nafika kwako. Nilimuuliza, mzee, hii kazi ikizidi nani mwingine? Akasema bila hata kufikiri, yupo mmoja alikuwa reli, anakaa njia ya Mazimbu, mrefu, ana kovu shavuni, yule gia anaikata bila kitabu. Shosti, nikabaki nimeduwaa, si mjomba wako huyo!

Mimi siwezi kumpigia simu tu. Unamjua alivyo, na mimi ananijua toka navaa sare ya shule, nikienda peke yangu kumwambia mjomba njoo ufanye kazi kwangu ataona nimekosa adabu. Hii ni kama posa, lazima apelekwe mshenga, na mshenga ni wewe. Mwambie si kuajiriwa kwa kupiga saini asubuhi, mwambie aje aangalie mashine tu, baba yangu alikuwa anamheshimu, halafu yeye mwenyewe aamue siku na saa. Shangazi naye aambiwe mapema, maana akisema goti la mume wake halitaki kusimama, basi, hapo hakuna mazungumzo. Mwambie kiti kipo.

Hivi lile goti linaendeleaje lakini? Bado anafuga wale kuku, au ana nafasi? Au kuna mtu kashamchukua? Unaonaje, nipitie kwanza kwa kaka yako mkubwa au atachukia tusipoanzia kwake? Na wewe unaweza kuja Jumamosi, SGR ya asubuhi unafika mapema tunaenda pamoja, au zamu zako zimebana? Kuna mwingine unayemfahamu huko Dar, wa reli ya TAZARA au wa kiwanda cha Urafiki, aliyerudi kukaa Moro? Na bei, we unadhani nimwambie mwenyewe au nimwachie ataje yeye?

Nijibu basi hata usiku, yule wa Ifakara kaniachia gia yake tayari na anapiga simu kila siku.

Msalimie mama, mwambie ndizi zake zipo.

Shosti wako wa Kihonda