Jicho la leza lililochoka hubadilishwa, halikolezwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini linalowagharimu fedha na kumbukumbu wakazi wengi wa Dar es Salaam ambao bado wanatunza redio za sidii za miaka ya tisini na za mwanzoni mwa karne hii. Mimi ni fundi wa redio. Nilianza kazi mwaka 1994 nikiwa msaidizi wa kushika bisibisi katika kibanda kimoja cha Kariakoo, na sasa nina meza yangu mwenyewe Magomeni. Ninachotaka kusema ni hiki: jicho la leza, yaani kile kifaa ndani ya mashine kinachosoma sidii kwa mwanga, likichoka, dawa yake ni kuliondoa lote na kuweka jingine, na fundi anayezungusha skrubu ya nguvu ya leza ili mashine isome kwa wiki mbili, kisha akapokea malipo ya matengenezo, hajatengeneza kitu chochote, bali amekiua kile kilichokuwa kimebaki.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mama mmoja wa Temeke aliyeniletea redio yake ya sidii tatu, akiwa ameifunga kwa kanga na kuipakata ndani ya bajaji njia nzima. Baada ya kumwamkia alinieleza kuwa mashine hiyo ilikwisha pelekwa kwa fundi mara tatu. Mara ya kwanza ilisoma kwa mwezi mmoja, mara ya pili kwa wiki mbili, na mara ya tatu kwa siku mbili tu, na kila mara alilipa. “Mwanangu,” aliniambia, “sidii za dukani inazisoma kwa kusuasua, lakini hii ya kwaya inaikataa kabisa, na mwenzako amesema sidii ndiyo mbovu, niitupe.” Sidii yenyewe ilirekodiwa kanisani kwao mwaka 2003, ikanakiliwa kwa kompyuta, na sauti ya marehemu mumewe imo humo katika besi. Alikuwa amebaki hatua moja tu aitupe.

Sidii ile haikuwa mbovu. Sidii iliyochapwa kiwandani hurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga wa leza unaoipiga. Ile inayoandikwa kwa kompyuta mara moja hurudisha pungufu kidogo, kwa sababu data zake zimo katika tabaka la rangi na si katika vishimo halisi. Zile zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya, ambazo ziliingia sokoni mwaka 1997, hurudisha kati ya asilimia 15 na 25 tu, ndiyo maana mashine nyingi za zamani hazizisomi hata zikiwa mpya. Jicho likianza kufifia, basi, sidii za kuandikwa ndizo zinazokataliwa kwanza, na katika jiji letu kwaya, harusi, maulidi na mahubiri kwa sehemu kubwa vimo katika sidii za namna hiyo. Kwa hiyo mtu huambiwa atupe kumbukumbu yake ilhali kilichochoka ni kifaa kinachopatikana madukani.

Nieleze kwa ufupi namna kifaa hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu mwenye mashine akikielewa hadanganyiki kwa urahisi. Sidii, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, haiguswi na sindano kama santuri. Ina njia moja ndefu ya vishimo inayozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na mizunguko yake imeachana kwa mikromita 1.6 tu, yaani katika upana wa milimita moja mna mizunguko zaidi ya 600. Jicho hutoa mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, ambao binadamu hauoni isipokuwa kama doa jekundu hafifu sana, na ambao mtu asijaribu kamwe kuuchungulia. Mwanga huo hupita katika lenzi inayoelea kati ya sumaku na koili ndogo, ikipanda na kushuka kufuata mawimbi ya uso wa sidii, kisha hurudi na kupokelewa na kugeuzwa umeme.

Chanzo cha mwanga huo ni diodi, yaani kijidude kinachogeuza umeme kuwa mwanga, yenye kiini kidogo kuliko punje ya ulezi. Inapozeeka, mkondo uleule wa umeme hutoa mwanga pungufu. Waliobuni mashine hizi walilijua hilo, wakaweka ndani ya jicho kipokezi kinachopima mwanga, na saketi inayoongeza mkondo yenyewe ili mwanga usishuke. Maana yake ni kwamba jicho lililozeeka likifika mahali pa kukataa sidii, mara nyingi mashine ilikwisha lisukuma kadiri inavyoweza. Kuzungusha ile skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa jicho ili kuongeza nguvu zaidi ni sawa na kumwongezea gunia hamali aliyekwisha piga magoti. Diodi hupata joto, joto huizeesha haraka zaidi, na baada ya siku chache inahitaji kukolezwa tena. Mwezi mmoja, wiki mbili, siku mbili: mlolongo alionieleza yule mama ndio mlolongo wa diodi inayouawa taratibu.

Fundi hana haja ya kubahatisha. Macho mengi ya Sony, kwa mfano, yana karatasi ndogo iliyobandikwa yenye tarakimu tatu zinazotaja mkondo ambao diodi ilihitaji ilipotoka kiwandani. Tarakimu 472 zina maana ya miliampia 47.2. Kwenye bodi kuna rezista, kijidude kinachozuia umeme kwa kiasi, inayopitisha mkondo huo, na fundi akipima volti kati ya ncha zake mbili kisha akagawanya kwa thamani ya rezista, anaupata mkondo wa leo. Kama rezista ni ya omu 22, volti 1.04 ni karibu miliampia 47, na jicho hilo bado zima. Mimi nilifundishwa kwamba mkondo ukizidi ule wa kwenye karatasi kwa zaidi ya asilimia 10, jicho ni la kubadilisha, na kipimo hicho hakijanipotosha mara nyingi. Kazi hii huchukua dakika chache na haihitaji zaidi ya mita ya kawaida ambayo kila fundi anayo. Kwenye mashine ya yule mama mita ilinionyesha karibu mara moja na nusu ya kiasi kilichoandikwa, na kichwa cha ile skrubu kilikuwa kimechubuliwa na bisibisi.

Hata hivyo, sipendi msomaji adhani kwamba kila redio inayokataa sidii imekufa jicho. Wapo mafundi wanaouza jicho jipya kwa mteja ambaye shida yake ilikuwa vumbi, na kosa hilo si dogo kuliko la kwanza. Nyumba zetu zina moshi wa mkaa, zina ubani na udi, zina upepo wa bahari wenye chumvi, na vyote hivyo huacha utando kwenye lenzi. Lenzi hupanguswa kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na kuloweshwa kidogo kwa spiriti safi, bila kukandamiza. Isipanguswe kwa petroli wala kwa thina, kwa sababu lenzi nyingi ni za plastiki, na nimeshika nyingi zilizotiwa ukungu usiotoka tena. Grisi ya kwenye reli nayo hukauka ikawa kama gundi, jicho likashindwa kutembea mpaka mwisho, na dalili yake ni kwamba nyimbo za mwanzo zinapigwa vizuri, za mwisho zinarukaruka. Dalili ikiwa kinyume chake, yaani mwanzo ndio wenye taabu, ninaishuku mota inayozungusha sidii, kwa kuwa sidii huanza kusomwa katikati ikiwa na kasi ya mizunguko kama 500 kwa dakika, na hupungua hadi kama 200 inapofika ukingoni, hivyo mota iliyochoka hulemewa mwanzoni. Upo pia utepe wa nyaya unaokatika kwa kukunjwa miaka mingi, na wapo mende, ambao katika jiji hili hukuta ndani ya redio joto wanalolitafuta. Haya yote huangaliwa kabla ya kumtuma mteja dukani.

Ikithibitika kwamba ni jicho, linabaki suala la spea, na hapa malalamiko yangu yanawahusu wauzaji. Watengenezaji wa awali waliacha zamani kutengeneza macho mengi ya aina hizi. Yaliyopo sokoni ni ya viwanda vingine yaliyoigwa, mengine mazuri na mengine hafifu, au ni yaliyong'olewa kwenye redio za mtumba, yakafutwa vumbi na kutiwa katika boksi jipya. Sina ugomvi na jicho lililotumika. Kwa mashine za Philips za zamani zenye mkono unaobembea badala ya reli, jicho la kung'olewa kwenye mashine nyingine ndilo tumaini pekee, na nimelitumia kwa furaha. Ugomvi wangu ni kuuziwa lililotumika kwa bei na jina la jipya. Mwaka jana duka moja liliniuzia matano ya namna hiyo, na nilipoyarudisha niliambiwa kwamba bidhaa ya umeme ikishatoka dukani hairudi.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kutazama. Jicho jipya kwa kawaida huja na tone la risasi ya kuchomelea lililounganisha nukta mbili kwenye bodi yake ndogo, ili umeme tuli, ule unaojikusanya kwa msuguano, usiiue diodi njiani. Kama tone halipo na nukta zinaonyesha ziliwahi kuyeyushwa, jicho hilo lilikwisha fungwa mahali. Meno ya plastiki yaliyolika na michubuko kwenye skrubu ni ushahidi mwingine. Namba ya aina ya jicho nayo isomwe mpaka tarakimu na herufi ya mwisho, kwa sababu KSS-210A si KSS-213, na hata SF-P101N, ambayo imo katika redio nyingi sana, ipo ya pini 15 na ya pini 16, na ukikosea hapo utepe hautaingia.

Lile tone la risasi lina utaratibu wake, na huu nauandika hasa kwa vijana wanaojifunza. Mashine ichomolewe kwenye umeme. Utepe wa nyaya uunganishwe kwanza kwenye jicho jipya, ndipo tone liyeyushwe na kuondolewa, na jicho la zamani likiwa bado zima litiwe tone kabla ya kuchomolewa utepe. Wengi husema Dar es Salaam ina unyevu mwingi mno, umeme tuli haupo. Upo. Mtu hauhisi mkononi mpaka ufike kama volti 3,000, na diodi hufa kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho, kwa hiyo unaweza kuliua jicho bila kuhisi lolote, kisha ukamlaumu muuzaji bure. Waya mwembamba uliofungwa kwenye kifundo cha mkono na kuunganishwa na ardhi kupitia rezista ya megaomu moja unatosha. Kuna mafundi wanaoanza kazi kwa kulitoa tone “ili wasije wakasahau”, na ninaamini macho mengi yanayoitwa feki yaliuawa namna hiyo mezani.

Naviomba vyuo vya ufundi, kikiwemo cha VETA Chang'ombe, visiuone ufundi huu kuwa wa kizamani usio na haja ya kufundishwa, maana macho ya namna hii yamo pia katika deki za DVD, ambazo huongeza leza ya pili ya nanomita 650, na deki hizo bado zimejaa sebuleni mwa watu. Nawaomba wauzaji waandike kwenye risiti neno moja tu, jipya au lililotumika. Wenye mashine nao waiondoe redio juu ya ampu yenye joto, na wakivipenda vile vitambaa vya kufuma wavitandike mbali na matundu ya hewa, kwa sababu joto ndilo adui mkubwa wa diodi. Wakipeleka mashine kwa fundi, wamwombe apime mkondo mbele yao na kuwaandikia namba aliyoipata.

Mama wa Temeke niliibadilishia mashine yake jicho, tukaisikiliza ile sidii yote meza nzima ikiwa kimya, na nilimshauri ainakili mapema, kwa kuwa rangi ya sidii za kuandikwa nayo hufifia kwa jua na joto. Jicho la zamani nilimrudishia ndani ya bahasha, nikaandika juu yake namba, tarehe na vipimo viwili vya mkondo, cha kiwandani na cha siku ile. Nawaomba mafundi wenzangu wa Kariakoo, Ilala na Buguruni wafanye vivyo hivyo kuanzia kazi ya kesho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Redio,
Magomeni, Dar es Salaam