Mume wangu anaiuza baiskeli yangu kimyakimya

Shangazi, shikamoo.

Usingizi umenikataa tangu Jumatano, na usiku huu nimeona heri niamke nikuandikie. Majina sitataja. Wewe ni mtu wa huku, mambo yetu wayajua, utaelewa bila mimi kueleza sana.

Jumatano nimetoka kazini, matatu imenishusha Kiembeni, nikashika njia ya nyumbani. Kufika langoni namkuta mwanamume nisiyemjua amekaa juu ya baiskeli yangu. Bega ameliegemeza ukutani, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli, anaizungusha kinyumenyume asikilize cheni. Mume wangu kasimama kando, mikono mfukoni. Aliponiona akasema, "Huyu ni rafiki yangu, anaitazama tu." Anaitazama tu, na tandiko ameshalipandisha!

Lile tandiko nimelihangaikia, Shangazi. Nilipoipata ile baiskeli magoti yalikuwa yakiniuma mpaka nikitaka kusujudu napata tabu. Fundi mmoja akanirekebishia, akilipandisha na kulishusha kidogo kidogo, na pale palipokaa sawa nikatia mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kwenye lile bomba linaloingia kwenye fremu, ili likishuka nijue pa kulirudisha. Jioni ile mstari ulikuwa juu vidole viwili. Sikusema neno mbele ya mgeni. Nilimsalimia, nikaingia ndani kupika. Lakini kila nikifumba macho nauona ule mstari.

Usidhani sioni hali ya nyumba. Mume wangu ni dereva wa trela. Alikuwa akipeleka makontena Malaba mpaka Kampala, na miaka ile tuliishi vizuri, alhamdulillahi. Reli ya SGR ilipoanza kubeba mizigo 2018 safari zikaanza kupungua, na 2019 ilipotoka ile amri ya makontena kupanda treni ndiyo ikawa balaa, mwenyewe uliona watu walivyoandamana hapa mjini. 2022 Rais alipotangaza kwamba mizigo ishughulikiwe tena hapa bandarini, mume wangu alirudi nyumbani na nyama ya mbuzi. Tukangoja. Mwishowe tajiri wake akauza malori. Sasa yeye ni deiwaka: akipigiwa simu anaenda, asipopigiwa anashinda barazani.

Mimi nafanya hesabu hotelini. Wakishakata SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, na ile tozo ya nyumba za serikali asilimia 1.5, na mkopo wa Sacco, kinachobaki wanakijua mwenye duka na mwenye nyumba. Kodi natoa mimi. Stima mimi. Kijana wetu ameingia Gredi ya 10, wa kundi hili la kwanza, na ile karatasi aliyokuja nayo ya godoro, sanduku na sare, mimi pia. Simsimangi mume wangu, wallahi. Nasema tu hesabu za nyumba hii hakuna anayezijua kunishinda, basi mtu asije akanifundisha kubana matumizi.

Na nimebana! Baiskeli yenyewe niliinunua wakati mambo yangali mazuri, kwa pesa za zamu yangu ya chama cha kuchangiana, 38,000, mtumba wa Ulaya lakini mzima. Sikumwomba mtu shilingi. Hali ilipogeuka niliacha mashindano yote ya kulipia kiingilio. Vile viatu vya kunasa kwenye pedeli nikamuuzia mwenzangu, sasa naendesha na raba. Pancha naziba mwenyewe kwa kiraka na gundi, beseni la maji uani, watoto wananisaidia kutafuta povu linatokea wapi. Wenzangu wakienda Kilifi siendi nao, maana ni mwendo mrefu, na huko lazima ule, lazima unywe, na mtu hawezi kukaa akitazama wenzake wakila. Naishia kupita Bamburi, nashika Links Road, navuka daraja la Nyali mpaka Mama Ngina, nazunguka pale baharini, narudi. Haigharimu kitu.

Kitu kimoja tu nilikataa kukibana, nacho ni cheni. Hapa kwetu hewa ina chumvi, ukiiacha cheni wiki bila kuifuta na kuitia mafuta inaota kutu. Ikichakaa inarefuka, ikirefuka inatafuna meno ya gia, na ukifika hapo hununui cheni peke yake tena, unanunua na meno yake. Kwa hiyo nilinunua cheni mpya, 1,800. Mume wangu akaiona risiti. Akaniambia mbele ya watoto, "Pesa za unga unafunga kwenye baiskeli?" Nilimweleza haya ninayokueleza wewe, kwamba 1,800 leo inaokoa nyingi za kesho. Yeye ni dereva, anajua gari lisilofanyiwa sevisi linakula pesa kiasi gani. Kwenye lori anaelewa. Kwangu mimi haelewi.

Na veve yake je? Muguka, yale majani ya kutafuna ya kila siku, hakuna aliyewahi kuuweka kwenye hesabu. Kaunti ilipopiga marufuku Mei 2024 nilishukuru Mungu nikidhani tumepumzika. Haikuchukua muda mahakama ikaisimamisha ile amri, mifuko ikarudi. Jumamosi na Jumapili mpira wa Uingereza, kiti cha kibandani na soda. Sisemi aache, mwanamume aliyezoea barabara ukimfungia ndani bila chochote ataugua. Lakini mimi sijamletea mtu wa kukijaribu kiti chake.

Mavyaa naye ana lake. Kwake yeye si pesa, ni aibu, mke wa mtu kupita barabarani juu ya baiskeli. Shangazi, mimi navaa suruali pana, dera fupi juu, mtandio naufunga vizuri ndani ya helmeti. Natoka nikishaswali alfajiri, na watoto wakiketi kwa chai na mahamri niko nao mezani. Nani ananiona saa hizo? Wavuvi na walinzi. Zamani mume wangu alikuwa akinitetea. Alikuwa akimwambia mamake, "Mwache, daktari amemwambia afanye mazoezi." Na ni kweli, presha yangu ilikuwa juu, tangu nianze kuendesha imeshuka. Siku hizi mama akisema yeye ananyamaza. Ndiyo maana nauliza moyoni, huyu anauza kwa sababu ya pesa kweli, au pesa zimempa njia ya kupita? Maana mambo yote ya nyumbani yaliyopungua tuliyazungumza. Televisheni tulizungumza kabla ya kuiuza. Friji ndogo tulizungumza. Baiskeli peke yake ndiyo anaitafutia mnunuzi nikiwa kazini.

Septemba mwaka 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, mimi na binti yangu tuliyatazama kwenye simu. Bando nilinunua kwa pesa ya chakula changu cha mchana, maana najua utauliza. Tuliwaona wanawake wakipanda vile vilima vya mawe, umati umejaa pande zote, watu weusi kama sisi wanapiga makofi, mpaka yule msichana wa Kanada akashinda. Binti yangu akasema, "Mama, hata wewe unaweza." Mume wangu akapita nyuma yetu akauliza, "Na wewe unalipwa ngapi?" Akaenda zake. Mtoto akanitazama ajue nitajibu nini. Sikuwa na jibu na bado sina, kwa sababu mimi silipwi, na sijawahi kudai kwamba nalipwa. Yeye kwani hulipwa na Arsenal?

Nikurudishe Jumatano. Niliposimama jikoni niliwasikia. Yule mtu alisema 15,000, mume wangu akasema aongeze kidogo. Kidogo! Kitu cha 38,000, cheni mpya ndani yake. Na hiyo 15,000 haifiki nusu ya tunachodaiwa shuleni, kwa hivyo hata hilo tatizo halitaisha, tutabaki na deni na mimi bila baiskeli. Usiku nilimuuliza. Akasema, "Baiskeli ni ya nyumba hii, na nyumba hii ina shida." Nikamwambia ungeniuliza. Akasema, "Ningekuuliza ungekataa."

Shangazi, angeniuliza ningekubali. Mimi ni mama, mtoto wangu hawezi kurudishwa nyumbani kwa karo nikiwa na kitu cha kuuza. Angekaa na mimi, akanitazama usoni, akasema mke wangu tumefika hapa, ningeisafisha mwenyewe nikaipeleka sokoni, tena kwa bei nzuri kuliko hiyo yake.

Hapana, nisikufiche. Hata angeniuliza sijui kama ningekubali. Hiyo presha nawaambia watu kwa sababu wanaielewa. Mimi nikivuka lile daraja, upepo wa bahari unanipiga pembeni, kule chini ngalawa zinatoka, kwa muda ule hakuna anayenidai. Kazini ni hesabu, nyumbani ni hesabu. Sina mahali pengine. Kutembea kwa miguu, kama anavyosema mavyaa, nimejaribu, kila hatua mbili nakutana na mtu wa kuniuliza mume wangu amepata kazi.

Dadangu anasema niiendee kazini niokoe nauli, ndipo mume wangu aone faida yake. Nimefikiria. Lakini asubuhi ya kazi barabara ya huku na daraja lenyewe unazijua, matatu hazikupi nafasi, nikigongwa ndio watakuwa wamepata la kusema. Tena nikifika nimelowa jasho, na hotelini hawataki hivyo.

Sasa nimeifunga kwa kufuli kwenye dirisha la uani, ufunguo natembea nao. Jana aliuliza, "Ufunguo uko wapi?" Nikasema ninao. Hakuongeza neno. Tangu hapo tunaongea ya chumvi na sukari, watoto wameanza kutuangalia. Mavyaa amepiga simu kuuliza kwa nini namfungia mwanawe mali, kwa hiyo ameshaambiwa. Mimi sijamwambia mtu ila dadangu na wewe.

Yule mtu amesema atakuja Jumamosi na pesa taslimu. Dadangu yuko Likoni, ana chumba cha nyuma. Naweza kuvuka nayo feri Ijumaa jioni nikitoka kazini, ikakae huko mpaka hali itulie. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimemvunjia mume wangu heshima? Ama nimpe ufunguo, auze, nijue moja? Tandiko nimelirudisha kwenye mstari wake, kama utauliza.

Tafadhali usinijibu kwamba tukae tuzungumze, hilo nimeshalifanya. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Mama wa watatu,
Kisauni, Mombasa