Mvuke ni wa Olkaria, Mbona Bei ya Stima Hubadilika?

Mama mwenye saluni hapa mjini Nakuru alifika dukani kwetu, tunakouza paneli za sola, akatufungulia ujumbe wa tokeni kwenye simu yake. Alikuwa amelipa shilingi 1,000, lakini sehemu iliyonunua stima yenyewe ilikuwa pungufu sana, na iliyobaki ilikuwa imemezwa na ada. Akatuuliza: ikiwa mvuke wa ardhini unaozalisha stima kule Olkaria haununuliwi popote, kwa nini bei hubadilika kila mwezi?

Ni swali la haki. Mvuke haununuliwi, ila visima vyake hufikia kina cha kilomita 3 hivi, na mitambo hujengwa kwa mikopo mikubwa, mingi ikiwa ya fedha za kigeni. Kwa hiyo anayelipia stima ya jotoardhi (yaani ya mvuke huo) au ya upepo hurudisha mtaji, na shilingi ikidhoofika, ada ya ubadilishaji wa fedha za kigeni hupanda ijapokuwa mvuke haujapungua. Nayo ada ya mafuta hutokana na mitambo ya mafuta ambayo huwashwa hasa jioni, matumizi yanapokuwa makubwa; gharama yake husambazwa kwa kila uniti nchini, hata ya jirani yetu anayeishi chini ya Menengai, ambako mtambo wa mvuke wa megawati 35 ulianza kazi mwaka wa 2023. Juu yake kuna ushuru wa kusambaza umeme vijijini na VAT ya asilimia 16.

Jambo ambalo wateja wengi hawalitambui, nasi twaliona kuwa muhimu kuliko yote, ni kwamba tangu ada ya kudumu ya kila mwezi ilipoondolewa mwaka wa 2018, karibu kila ada hufuata uniti. Uniti unayojizalishia kwa sola huondoka pamoja na ada zake, na wastani wako wa miezi mitatu ukishuka chini ya uniti 100 kwa mwezi, hata zile unazoendelea kununua hupata bei nafuu.

Hata hivyo, hatumshauri mtu afunge paneli nyingi kwa nia ya kuuza ziada. Kanuni za umeme za mwaka wa 2024 humrudishia mteja nusu tu ya uniti anazopeleka kwenye gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, tena kama uniti, si pesa. Saluni hutumia draya mchana, jua likiwaka. Paneli zilingane na matumizi hayo. Ndiyo maana, kabla ya kutaja bei yoyote, sisi huomba kwanza ujumbe wa tokeni wa miezi mitatu.