Kwa nini tunatoza pesa ya kuja kupima nyumbani

Wiki iliyopita kijana mmoja alisimama mlangoni pa karakana yetu ya vifaa vya wazee na wagonjwa, Mwanakwerekwe, Zanzibar, akasema mbele ya wateja kwamba tumemwibia. Fremu ya kutembelea, ile ya chuma anayoegemea mgonjwa akitembea, kaiona Darajani kwa bei ndogo kuliko yetu, na sisi juu yake tukamtoza shilingi 15,000 za kwenda kumpima mama yake nyumbani. Sikubishana naye. Naeleza hapa, maana si wa kwanza.

Mzee aliyevunjika nyonga, akishafanyiwa upasuaji, madaktari humtaka ainuke mapema, mara nyingi kesho yake tu. Akisimama wima mikono imening'inia, vishikio vya fremu vifike usawa wa kifundo cha mkono, ili akishika kiwiko kipinde kidogo. Ikiwa ndefu, mabega yanapanda na uzito haushuki kwenye fremu. Ikiwa fupi, anainama. Nasi tunampima akiwa na viatu anavyovaa ndani. Kipimo hicho hakitumwi kwa simu.

Bibi mmoja wa Kikwajuni alipewa fremu ya shemeji yake marehemu, mtu mrefu, na mipira ya chini imelika hadi chuma kinagusa sakafu. Alfajiri akaenda kutia udhu, vigae vimerowa, akateleza. Ikavunjika nyonga ya pili. Mipira minne tunauza 6,000.

Na Mji Mkongwe. Familia iliagiza kiti cha magurudumu kutoka Dar es Salaam bila kupima mlango. Kiti kina upana wa sentimita 65. Ubao mmoja wa mlango ukifunguliwa, nafasi ni 58, na kizingiti kimenyanyuka. Kiti kikabaki barazani, mzee akabaki kitandani ghorofani. Hapo ndipo gharama zilipoanza hasa: vidonda vya mgongoni, nepi, bandeji, dawa, na mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Binti yake aliacha biashara yake ya vitumbua ili amuuguze, na hasara hiyo haimo kwenye risiti ya mtu. Pensheni jamii ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee waliotimiza miaka 70 ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hata ilipoongezwa, hailipi mlezi wa kulala. Tulipoitwa, tulimshusha chumba cha chini, tukampa kiti chembamba cha choo.

Vishikizo vya chooni, vile vya ukutani vya mzee kujishikia, navyo tunaambiwa ni ghali. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe na chokaa; ukipiga skrubu ya kawaida, mtu akijivuta mara tatu inatoka na chokaa yake. Fundi wa mtaani atakufungia kwa nusu ya bei yetu, na kishikizo kitang'oka ukutani mzee akiwa amekishika. Sisi tunasimamisha nguzo ya chuma kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, au tunaweka ubao mpana kwanza. Ni kazi ya siku nzima, si ya saa moja.

Ile 15,000 ina safari mbili: ya kupima, na ya kurudi baada ya wiki mbili kurekebisha, maana mgonjwa akipata nguvu husimama vingine.

Kwa mama wa kijana yule fremu haikuwa na tatizo. Kitanda ndicho kilikuwa chini mno, hawezi kuinuka bila kuvutwa mikono. Tulikinyanyua kwa vigogo vinne vya mninga, tukatoa na mkeka uliokuwa unamnasa miguu. Vigogo hatukuviandika kwenye risiti.