Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025

Wanachama wenzangu, walimu wakuu, manaibu na walimu wa madarasani,

Katika kila kikao cha mwaka huu malalamiko yalikuwa yale yale: walimu hawatoshi, mgao wa serikali unachelewa, na madarasa yamefurika. Ni malalamiko ya haki, na ofisi yangu imeyafikisha kunakohusika kwa maandishi. Hata hivyo, naomba taarifa hii ijikite katika jambo moja ambalo hatuhitaji kumsubiri mtu yeyote ili tulitengeneze, nalo ni muda wa kipindi.

Kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi (CBC) lilifika Gredi ya 9 mwaka huu, likaketi kwa mtihani wa kitaifa kuanzia mwishoni mwa Oktoba, na Januari 2026 ndilo litakalofungua Gredi ya 10. Tangu sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ianzishwe mwaka 2023 ndani ya maboma ya shule za msingi, mwalimu mkuu mmoja anaongoza shule mbili zenye kengele moja. Kengele hiyo ikilia kumaliza dakika 35 za Gredi ya 6, hukatiza dakika 40 za Gredi ya 8, na mwalimu aliyekuwa katikati ya mfano ubaoni huufuta au huuacha ukining'inia. Wanachama wa Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, walioamua kupiga kengele mbili zenye milio tofauti wameniambia kwamba vurugu ilipungua ndani ya wiki chache. Sioni sababu ya shule nyingine kusita.

Nilipowatembelea wanachama muhula wa pili, niliomba kukaa nyuma ya darasa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Katika darasa moja mwalimu aliingia kwa wakati, lakini ilimbidi atume mtoto ofisini kuchukua chaki, kisha akasubiri vitabu viletwe kutoka darasa jirani, kisha akaita majina. Dakika 10 zilikwisha kabla neno la somo halijatamkwa. Somo lenye vipindi 5 kwa wiki likipoteza dakika 10 kila kipindi, limepoteza dakika 50, yaani zaidi ya kipindi kizima, na hakuna aliyeandika popote kwamba kipindi hicho hakikufundishwa. Mwalimu yule si mvivu; hakuna aliyempangia kazi yake imrahisikie. Tangu siku hiyo nasisitiza kwamba chaki, vitabu na daftari la mahudhurio viwe darasani kabla ya gwaride kumalizika, na kwamba kazi hiyo isimamiwe na naibu wa mwalimu mkuu mwenyewe.

Hali ya hewa yetu nayo ina ratiba yake. Januari hadi Machi, darasa lililoezekwa mabati huwa tanuri baada ya saa sita mchana, na mwaka huu Ramadhani iliangukia Machi, watoto wakiwa wameamka kula daku na wakisubiriwa na madrasa jioni. Shule zilizohamishia Hisabati na Sayansi Jumuishi vipindi vya mwanzo, zikaacha mazoezi mepesi na usomaji kwa vipindi vya mwisho, zilituletea ripoti nzuri. Ni vema pia tuwapangie walimu wanaovuka kivuko cha Likoni vipindi visivyo vya kwanza, badala ya kuwaandikia barua za onyo kila foleni ya feri inapokuwa ndefu.

Kuhusu walimu wanaofundisha masomo wasiyosomea, vikao vyetu vya Jumamosi vimezaa matunda. Mwanachama aliyesomea Historia, lakini amepewa Sayansi Jumuishi, alionyeshwa namna ya kufundisha asidi na besi bila maabara: manjano ya jikoni iliyokorogwa kwenye maji, tone la maji ya sabuni likaigeuza nyekundu, ndimu ikairudisha rangi yake. Wiki iliyofuata alilifundisha mwenyewe mbele yangu, na wanafunzi walikataa kutoka kwenda mapumziko. Naomba shule jirani ziendelee kuazimana walimu kwa somo moja moja namna hii.

Fedha nitazigusa kwa ufupi, kwani mweka hazina atazisoma. Mgao wa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi wa sekondari msingi huja kwa awamu tatu, na awamu ikichelewa mwalimu mkuu hushinda akipatana na wenye maduka badala ya kuingia madarasani. Kamati imependekeza makarani washughulikie wadai kwa siku mbili maalumu za wiki, ili asubuhi tatu zilizobaki ziwe za mwalimu mkuu kukagua ufundishaji.

Katibu atagawa leo jedwali la kurekodi dakika zinazopotea. Kila shule ilijaze kwa wiki mbili za mwanzo za muhula wa kwanza na kulirejesha kabla ya kikao cha Februari, ambapo tutalisoma pamoja, darasa kwa darasa.